Akaunti ya Kwanza: Nani Ashike Ufunguo wa Kompyuta ya Kituo cha Afya?

Kompyuta mpya ya mezani inapofikishwa katika zahanati au kituo cha afya cha vijijini mkoani Singida, aghalabu hupokewa kwa furaha na kuwashwa kwa haraka. Boksi hufunguliwa juu ya meza ya mapokezi, nyaya huunganishwa, na yule anayeaminika kuijua kompyuta kuliko wenzake huketi mbele ya skrini na kuanza kujibu maswali. Mashine humuuliza lugha, nchi, mpangilio wa kibodi na mtandao. Kisha humuuliza jina. Huandika lake, huweka nywila aliyozoea kuitumia kwingineko, na baada ya muda mfupi kazi ya kusajili wagonjwa huanza. Hakuna anayetambua kwamba katika dakika hizo chache kumefanyika uteuzi: aliyeandika jina lake amekuwa mwenye mamlaka yote juu ya mashine hiyo, na hakuna barua iliyomteua.

Jambo hili lingekuwa dogo kama kompyuta za vituo vya afya zingekuwa za kuchapia barua tu. Sivyo zilivyo leo. Mkoa wa Singida una halmashauri saba, kuanzia Manispaa ya Singida hadi Itigi na Mkalama, na katika vituo vyake, kama katika mikoa mingine ya Tanzania, kazi iliyokuwa ya daftari na kalamu inahamia hatua kwa hatua kwenye skrini. Mgonjwa husajiliwa na kutozwa kupitia GoTHOMIS, mfumo wa serikali wa kuendeshea shughuli za vituo vya afya. Takwimu za vitabu vya MTUHA huingizwa katika DHIS2. Kliniki za tiba na matunzo kwa watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI hutunza kumbukumbu zao katika hifadhidata ya CTC2. Kwa hiyo aliye na mamlaka juu ya kompyuta ana mamlaka, walau kwa sehemu, juu ya siri za watu wengi wanaofahamiana, wanaosali pamoja na kukutana katika gulio moja.

Mashine humjua nani kuwa mkubwa wake

Kila mfumo endeshi, yaani programu kuu inayoiwezesha kompyuta kufanya kazi, hugawa watumiaji katika madaraja. Kwa Windows, ambayo ndiyo inayoonekana zaidi katika ofisi za umma, madaraja yanayomhusu msomaji wa makala haya ni mawili. Akaunti ya kawaida humruhusu mwenyewe kufungua programu zilizokwisha kuwekwa, kuandika, kuchapa, kuingia mtandaoni na kutunza mafaili yake. Akaunti ya msimamizi huruhusu hayo yote na zaidi: kuweka na kuondoa programu za mashine nzima, kuzima kinga dhidi ya virusi, kubadili saa, kufungua mafaili ya watumiaji wengine, kuwatengenezea akaunti mpya na kuzifuta za zamani, hata kuwabadilishia nywila bila ridhaa yao.

Akaunti ya kwanza inayotengenezwa wakati wa kuandaa kompyuta huwa ya msimamizi. Hali haiwezi kuwa vinginevyo, kwa sababu mashine isiyo na msimamizi hata mmoja isingeweza kutengenezwa na mtu yeyote. Kasoro iko kwenye ukimya wa mashine: skrini humuuliza mtu jina bila kumweleza cheo anachokabidhiwa. Ni kweli pia kwa macOS, na kwa Ubuntu ni vivyo hivyo kwa namna yake. Katika Ubuntu, mtumiaji mkuu wa asili hufungiwa tangu mwanzo asiweze kuingia, lakini mtu wa kwanza kusajiliwa hupewa haki ya kuazima mamlaka yake kila anapoandika nywila yake mwenyewe. Aliye wa kwanza ndiye mkubwa, katika mifumo yote mitatu.

Historia ya Windows inaeleza kwa nini watu wengi hawajazoea kufikiria habari hii. Katika Windows XP, iliyotolewa mwaka 2001, akaunti zote zilizotengenezwa wakati wa kuweka mfumo zilikuwa za wasimamizi, na programu nyingi za zama hizo zilikataa kufanya kazi kwa mtumiaji wa kawaida. Kizazi kizima kilijifunza kompyuta kikiwa kimeketi katika kiti cha enzi bila kujua. Windows Vista, iliyoingia sokoni Januari 2007, ilijaribu kurekebisha hali hiyo. Tangu hapo msimamizi anapoingia, mfumo humtengenezea vitambulisho viwili: kimoja cha mtumiaji wa kawaida, anachotembea nacho kutwa nzima, na kingine chenye mamlaka kamili, kinachowekwa kando. Programu ikihitaji mamlaka hayo, skrini hufifia na dirisha dogo hujitokeza likiuliza kama mtumiaji anakubali.

Kufifia huko si pambo. Wakati huo programu nyingine haziwezi kubofya kitufe kwa niaba ya mtu, na jibu lazima litoke kwa binadamu. Lakini hapa pana tofauti ambayo ndiyo kiini cha mambo yote. Aliyeingia kwa akaunti ya msimamizi huulizwa tu ndiyo au hapana. Aliyeingia kwa akaunti ya kawaida hutakiwa kuandika nywila ya msimamizi. Swali la ndiyo au hapana likijitokeza mara kumi kwa wiki, jibu huwa ndiyo kabla halijasomwa, na mhudumu mwenye foleni ya akina mama wanaosubiri kliniki hawezi kulaumiwa kwa hilo. Nywila asiyoijua humlazimisha asimame na kumwita mtu.

Kabati la morfini

Wahudumu wa afya hawana haja ya kufundishwa upya wazo hili, kwa maana wanaliishi wodini. Dawa zenye udhibiti maalumu, kama morfini na pethidini, hufungiwa katika kabati lake. Ufunguo hukaa kwa muuguzi aliyekabidhiwa zamu, kila ampuli inayotoka huandikwa katika rejesta, na makabidhiano ya zamu huwa na hesabu. Hakuna anayeona kuwa muuguzi asiye na ufunguo ametukanwa au ameshukiwa wizi. Hana ufunguo kwa sababu kazi yake ya saa ile haiuhitaji.

Wataalamu wa kompyuta walifikia kanuni iyo hiyo kwa njia yao. Mwaka 1975, Jerome Saltzer na Michael Schroeder walichapisha makala kuhusu ulinzi wa taarifa katika mifumo ya kompyuta, wakaweka miongoni mwa misingi yake kwamba kila programu na kila mtumiaji afanye kazi kwa kiwango kidogo kabisa cha mamlaka kinachotosha kuikamilisha kazi yenyewe. Makala hiyo ina umri wa nusu karne na bado inafundishwa.

Kinachofanya kanuni hiyo iwe na uzito ni ukweli mmoja wa kiufundi: programu hurithi mamlaka ya aliyeifungua. Flashi iliyobeba ripoti za mwezi kutoka kituo kimoja hadi makao makuu ya halmashauri hupita katika kompyuta nyingi, na mara kwa mara hurudi na kirusi kinachoficha mafolda na kuweka mahali pake njia za mkato za uongo. Mhudumu akibofya mojawapo akiwa katika akaunti ya kawaida, kirusi hicho hupata haki alizo nazo yeye: kinaweza kuharibu mafaili yake, lakini hakiwezi kwa urahisi kuizima kinga ya mashine wala kujipandikiza katika mizizi ya mfumo. Akiwa msimamizi, kisha akakubali dirisha lililojitokeza, kirusi hupata kila alichokuwa nacho msimamizi.

Isidhaniwe hata hivyo kuwa akaunti ya kawaida ni dawa ya kila ugonjwa. Tarehe 12 Mei 2017 programu hasidi iliyoitwa WannaCry, iliyofunga mafaili na kudai fidia, ilienea duniani kwa muda wa saa chache. Nchini Uingereza ilivuruga kazi za angalau taasisi 80 kati ya 236 za huduma ya afya ya taifa, wagonjwa wakaahirishiwa miadi na magari ya wagonjwa yakaelekezwa hospitali nyingine. WannaCry haikuhitaji mtu abofye chochote wala haikujali cheo cha mtumiaji. Ilipita katika tundu la Windows lenyewe, na sahihisho la tundu hilo lilikuwa limetolewa na Microsoft tarehe 14 Machi mwaka huo, karibu miezi miwili kabla. Vilevile programu ya namna hiyo ikifunguliwa katika akaunti ya kawaida inaweza kufunga mafaili yote ya mwenye akaunti bila kuhitaji mamlaka zaidi. Kwa hiyo masasisho ya mfumo na nakala za akiba zinazotunzwa nje ya kompyuta hubaki kuwa wajibu hata pale ambapo akaunti zimepangwa vizuri. Habari hii inagusa vituo vingi kwa sasa, kwa kuwa masahihisho ya kawaida ya Windows 10 yalikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta zinazohamishiwa Windows 11 kwa kuwekewa mfumo upya zitapita tena katika zile dakika za mwanzo.

Dakika za mwanzo zinavyopaswa kutumika

Kabla ya kuiwasha kompyuta, uamuzi wa kwanza ni wa kiutawala. Nani atakuwa mtunza ufunguo? Katika hospitali kubwa jibu ni rahisi, maana kuna kitengo cha TEHAMA. Katika zahanati yenye wahudumu watatu au wanne, jibu linalofaa ni kwamba mamlaka ni ya kituo, yanasimamiwa na mganga mfawidhi akisaidiwa na afisa TEHAMA wa halmashauri, na hayawi mali ya mtu binafsi. Uamuzi huo uandikwe, hata kama ni kwa mistari mitatu katika daftari la vifaa.

Kisha mashine iwashwe, na jina la kwanza lisiwe la mtu. Liwe la wadhifa, mathalani «msimamizi» likifuatiwa na kifupi cha jina la kituo. Sababu yake si ya kinadharia. Windows hutengeneza folda ya mtumiaji kwa jina lile la mwanzo, na jina la akaunti likibadilishwa baadaye, folda hubaki na jina la zamani. Akitumia akaunti ya Microsoft, folda hiyo hupewa herufi tano za kwanza za anwani yake ya barua pepe. Ziko kompyuta za ofisi ambazo mpaka leo zinabeba katika mafolda yake herufi tano za fundi ambaye hakuna anayemkumbuka.

Hapo ndipo penye mtego mkubwa zaidi, unaostahili kuelezwa kwa kirefu. Toleo la Windows 11 la matumizi ya nyumbani hutaka wakati wa kuandaliwa mashine iwe na intaneti na mtumiaji aingie kwa akaunti ya Microsoft. Kwa kuwa kituo hakina akaunti hiyo, aliyeketi mbele ya skrini huingiza yake binafsi, akiunganisha simu yake ili kupata mtandao. Anadhani amesaidia, na kweli amesaidia. Lakini katika kompyuta nyingi za sasa, kuingia huko kwa akaunti ya Microsoft huamsha usimbaji wa diski: taarifa zote hugeuzwa kuwa mafumbo yasiyosomeka bila ufunguo, ili mwizi wa kompyuta asiambulie kitu. Ufunguo wa dharura wa diski hiyo, wenye tarakimu 48, hutunzwa katika akaunti ile iliyotumika kuingia.

Mwaka mmoja hupita. Mhudumu yule huhamishwa, tuseme kwenda Kigoma. Siku moja umeme unarudi kwa kishindo, bodi kuu ya kompyuta inaungua na fundi anaweka nyingine, au mpangilio fulani wa ndani ya mashine unabadilishwa. Kompyuta inapowashwa inaona mazingira yamebadilika, inajihami, na kuomba tarakimu 48. Hakuna mtu kituoni mwenye kuzijua. Zipo, lakini katika akaunti ya barua pepe ya mtu aliye mamia ya kilomita magharibi, ambaye huenda amekwisha kubadili namba ya simu na kuisahau nywila yake. Fundi hodari kuliko wote mjini Singida hawezi kuifungua diski hiyo, na wala si kosa lake, kwa kuwa imetengenezwa isifunguke. Kinachobaki ni kuifuta na kuanza upya, pamoja na kila kilichokuwa hakijanakiliwa kwingine.

Njia za kuepuka mkasa huo zipo. Iliyo bora ni kununua tangu mwanzo kompyuta zenye toleo la Pro. Katika toleo hilo, anayeeleza kuwa mashine ni ya kazini, kisha akafungua orodha ya namna za kuingia na kuchagua kujiunga na domeni, hupewa nafasi ya kutengeneza akaunti ya ndani, isiyofungamana na barua pepe ya mtu yeyote. Diski isimbwe baadaye kwa makusudi, kwa kutumia BitLocker, na ufunguo wake uchapwe kwenye karatasi. Ikiwa kompyuta iliyokwisha kununuliwa ni ya toleo la nyumbani, basi itumike akaunti ya Microsoft iliyofunguliwa kwa barua pepe ya taasisi, na ufunguo wa dharura uchapwe siku ileile.

Akaunti ya ndani nayo ina kichekesho chake. Baada ya nywila, Windows huuliza maswali matatu ya usalama yatakayotumika nywila ikisahaulika: jina la mnyama wa kwanza aliyefugwa, mji ambamo wazazi walikutana, na mengine ya jinsi hiyo. Maswali haya yalitungwa kwa watu wa miji mikubwa wasiojuana. Katika kijiji ambamo kila mtu anamjua mjomba wa kila mtu, majibu ya kweli yanajulikana mpaka kisimani, na anayeyajua anaweza kujitwalia ufunguo bila kuvunja chochote. Basi majibu yasiwe ya kweli. Yawe maneno ya ovyo yasiyohusiana na swali, nayo yaandikwe pamoja na nywila.

Nywila yenyewe iwe ndefu kuliko iwe ngumu. Maneno manne au matano yasiyo na uhusiano, yaliyochaguliwa bila mpango, hukumbukika kwa urahisi na hukisika kwa taabu. Jina la kituo likifuatiwa na mwaka ni nywila ya kwanza ambayo mtu yeyote angejaribu. Na afisa TEHAMA anayehudumia vituo vingi vya halmashauri yake asishawishike kutumia nywila moja kwa vyote, ingawa ushawishi huo unaeleweka kwa mtu anayesafiri siku nzima kwa pikipiki kati ya kituo na kituo. Ikivuja moja, zimevuja zote.

Nywila, majibu ya maswali na zile tarakimu 48 viandikwe kwenye karatasi, vitiwe katika bahasha, bahasha ifungwe, isainiwe juu ya mshono, iwekewe tarehe, na kufungiwa mahali panapofungiwa nyaraka nyeti za kituo. Wapo wanaoshtuka kusikia kwamba nywila iandikwe. Kinachokatazwa ni kuibandika kwenye fremu ya skrini. Karatasi iliyo ndani ya kabati lenye kufuli haiwezi kudukuliwa kutoka nje ya nchi.

Baada ya hapo tu ndipo akaunti ya kazi za kila siku hutengenezwa, katika Mipangilio, sehemu ya akaunti, na ihakikishwe kuwa imeandikishwa kama ya kawaida. Swali hujitokeza kama kila mhudumu awe na yake. Kwa kanuni, ndiyo. Kwa hali halisi, kompyuta ya mapokezi inayopokezanwa na watu watano kwa siku inaweza kuvumiliwa kuwa na akaunti moja ya kawaida ya pamoja, alimradi kila mmoja ana jina na nywila yake anapoingia ndani ya mfumo wa wagonjwa wenyewe, na anatoka anapoondoka. Kompyuta ya kliniki ya CTC isipewe uvumilivu huo. Sheria ya kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2008 inataka matokeo ya vipimo yawe siri, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, imeziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti. Siku itakapoulizwa nani alifungua kumbukumbu za mgonjwa fulani, jibu kwamba ni «mapokezi» halitamridhisha mgonjwa huyo.

Pale akaunti ya kawaida inapokwaza

Malalamiko yatakuja, na mengine yatakuwa ya haki. Printa mpya haitawekeka bila msimamizi. Programu ya kusomea picha za mafunzo haitawekeka. Hayo ni ya kupangia siku. Mifumo mikubwa ya kazi haiathiriki sana: DHIS2, kwa mfano, hufunguliwa katika kivinjari cha intaneti, na kivinjari hakihitaji ukubwa wowote kwenye mashine.

Lalamiko linalostahili kutazamwa kwa karibu ni la saa. Ndani ya kila kompyuta ya mezani mna betri ndogo ya duara, mfano wa sarafu, inayoitunza saa wakati umeme umekatika. Betri hiyo ikifa, kila umeme unapokatika kompyuta husahau tarehe na kurudi miaka mingi nyuma. Kwa mtumiaji hilo huonekana kama ugonjwa wa mtandao, kwa sababu tovuti salama hukataa kufunguka: vyeti vyake vya utambulisho hukaguliwa kwa tarehe, na kwa kompyuta iliyo nyuma kwa miaka kumi vyeti hivyo bado havijatolewa. Kubadili saa kunahitaji mamlaka ya msimamizi. Hivyo muuguzi wa zamu hukwama asubuhi kila umeme unapokatika usiku, humpigia simu mfawidhi, na baada ya simu ya tatu mfawidhi huchoka na kumtajia nywila. Siku hiyo mpangilio wote hubomoka, kwa sababu ya betri ndogo ambayo hata duka la saa huwa nayo. Fundi mwenye busara huibadilisha betri hiyo kabla ya kuwanyima watu mamlaka.

Mashine iliyokwisha kuanza kazi

Kompyuta nyingi hazitaanza upya leo. Zinafanya kazi tayari, kila mtu ni msimamizi, na zingine ziliwahi kupelekwa mtaani «kupigwa Windows» na fundi asiyejulikana. Hizi nazo hurekebishika bila kufuta kitu. Kwanza hufunguliwa orodha ya watumiaji, na kila jina lenye cheo cha msimamizi huulizwa ni la nani. Si ajabu kukuta la fundi. Kama mfumo uliwekwa kwa nakala isiyo halali, iliyoamshwa kwa vijiprogramu vinavyodai kinga ya virusi izimwe kwanza, hakuna mpangilio wa akaunti utakaoifanya iaminike, na afadhali iwekewe mfumo halali kutoka mwanzo.

Iliyo safi hutengenezewa akaunti mpya ya msimamizi kwa jina la wadhifa. Mtunza ufunguo hutoka, huingia kwa akaunti hiyo mpya, na kuhakikisha inafanya kazi. Hapo tu ndipo akaunti za zamani zinashushwa cheo, moja baada ya nyingine. Mpangilio huo wa hatua usipinduliwe, maana anayejishusha kabla ya kumpandisha mrithi anaweza kujifungia nje. Kushushwa cheo hakugusi mafaili: picha, ripoti na barua za mwenye akaunti hubaki palepale zilipokuwa, na wengi hawataona tofauti yoyote mpaka siku watakapotaka kuweka programu.

Bahasha nayo ifunguliwe tena siku ya makabidhiano. Mganga mfawidhi anapohama, hati ya makabidhiano huorodhesha jokofu la chanjo, mizani, darubini na funguo za stoo. Bahasha iorodheshwe baada ya hizo. Mfawidhi mpya huifungua mbele ya anayeondoka, huingia kwa nywila iliyomo ili kuthibitisha kuwa ni ya kweli, huibadilisha papo hapo, kisha huandika mpya, hufunga bahasha nyingine na kusaini juu ya mshono.